Baada ya Ushuhuda

Mdogo wangu ni fundi friji, na mtaa mzima unamwita Baridi, ingawa damu yake ni ya moto kuliko pasi zangu. Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele, yeye anatengeneza friji kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyuma, na kati yetu kuna mlango ambao niliuacha wazi tangu siku aliyohamia kwangu. Niliuacha makusudi. Mtu anayebeti humpi mlango wa kujifungia.

Alikuja kwangu hana hata geji ya kupimia gesi. Alikuwa ameuza geji, akauza mtungi, akauza pampu, na mwisho akauza kompresa ya mteja, friji ya watu ikabaki kabati la kuwekea viatu. Mke wake, mwanamke mpole ambaye hata akikanyagwa anaomba radhi yeye, alimchukua mtoto wao akarudi kwa wazazi wake. Hakugombana. Alifunga mzigo, akaaga, akaondoka. Mimi ndiye niliyegombana, kwa niaba yake na yangu na ya marehemu mama, na sikusaidia kitu. Nilimsema Baridi mpaka nikaishiwa maneno, naye akawa anaitikia tu, "Kweli dada, kweli kabisa," na jioni akaenda kubeti.

Ndipo nikampeleka kanisani. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Naimba kwaya kwa sababu nina sauti, na nina ulimi ambao mchungaji ameshauombea zaidi ya mara moja bila mafanikio. Lakini akili zangu zilikuwa zimefika mwisho, na watu wale nawajua. Ukifiwa wanakuja, ukiugua wanakuja, ukilala njaa wanakuja na masufuria yao. Nilitaka waje.

Na walikuja. Nalisema hili kwanza kwa sababu yaliyofuata yananitia hasira, na mimi nikikasirika husahau mema.

Kanisa letu lilikuwa ghala la saruji zamani, na makofi yakizidi vumbi bado linadondoka kutoka kwenye mabati. Yupo mzee wa kanisa mmoja, dereva mstaafu wa malori, anayeitwa Breki, kwa kuwa vikao vikipamba moto yeye ndiye anayevisimamisha. Nilipomaliza kueleza habari za mdogo wangu, wengine walifumba macho tayari kuomba. Breki aliuliza swali moja.

"Inamshika saa ngapi?"

"Jioni, mzee. Mechi zikikaribia kuanza."

"Basi nitakuja jioni."

Akaja. Hakuja na Biblia wala mahubiri. Alikaa juu ya friji mbovu iliyolazwa chini, akanyoosha mkono, Baridi akampa simu, naye akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kisha akaanza habari za barabara: daraja lililobebwa na maji mbele ya macho yake, shehena ya chumvi iliyonyeshewa mpaka lori likawa linalia machozi, utingo aliyelala njia nzima na kuamka akidai posho ya usiku. Baridi alikuwa akifungua skrubu huku akicheka. Mguu wake ukianza kutikisika, nami nikiuona kutoka mbele na roho kunipasuka, Breki alisimama na kusema, "Twende tukafute viti." Wakaenda kanisani kufuta viti vya plastiki vilivyokwisha kufutwa jana yake na watu walewale.

Breki asipoweza, wengine walishika zamu. Mama Kwaya, kiongozi wetu, alileta redio yake itengenezwe, nayo haikuwa na ugonjwa wowote. Alikaa palepale akiisubiri mpaka giza likaingia. Juma lililofuata akairudisha. Ile redio ilitengenezwa mpaka ikaharibika kweli, na Baridi akaitengeneza tena, tukacheka wote watatu. Sijui kama kuna dawa nyingine ya ugonjwa ule. Mimi niliyoiona kwa macho yangu ni hiyo: mtu anakuja saa yako mbaya, anakaa, saa inapita, anaondoka.

Ilikuwa kazi ya polepole, tena ya kuchosha. Lakini Baridi alianza kulala usingizi. Kanisa lilimnunulia geji, akapata kazi moja, kisha ya pili. Asubuhi moja nilimsikia akipiga mluzi nyuma ya nyumba, nikasimama kusikiliza huku pasi imetulia kwenye kola ya mteja, kola ikaungua. Nililipa lile shati kwa furaha, na mimi si mtu wa kulipa kitu kwa furaha.

Mchungaji wetu ni mtu mwema. Ni mdogo kwangu kwa umri, mcheshi, anajua majina ya watoto wa kila mtu. Ndiyo maana nashindwa hata kumchukia vizuri. Alikuja kibandani siku moja, akamwona Baridi amejaa mashavu, akashika kichwa.

"Ndugu yangu, Bwana ametenda! Jambo hili haliwezi kufunikwa. Jumapili utashuhudia."

Baridi aliweka bisibisi chini. "Mchungaji, bado naisikia. Ikifika jioni bado naisikia."

"Utaisema hadharani, nayo itakufa. Nimeona wengi."

Baridi akaniangalia mimi. Nami nilimwangalia Breki, aliyekuwa amekaa juu ya friji yake na simu mfukoni. Breki aliangalia viatu vyake.

Jumapili ile alisimama mbele ya watu, kipaza sauti mkononi. Alianza kwa shida. Akaeleza zana alizouza, mke aliyeondoka, na watu wakawa wanaguna kwa huruma. Kisha akafika kwenye siku aliyoshinda, maana kila anayebeti ana siku moja aliyoshinda. Akaeleza timu alizochagua, goli la dakika za mwisho, alivyotoka nje bila viatu. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mpiga ngoma aliacha kuchezea vijiti vyake. Wazee waliinama mbele kwenye viti, na vijana wa nyuma walisimama ili wasikie vizuri. Aliposema kiasi alichoshinda, mtu mmoja alisahau yuko wapi akapiga mluzi. Sehemu ya kuokoka ilikuja baadaye, makofi yakapigwa na vumbi likatudondokea vichwani.

Tulipofika nyumbani alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Dada, uliona walivyonyamaza?"

Niliyaona macho yake. Macho yale nilikuwa nayajua.

Jumatatu jioni Breki hakuja. Nikajisemea labda mgongo umemsumbua. Jumanne hakuja yeye wala mtu mwingine. Jumatano niliacha nguo za watu kwenye maji nikamfuata kwake, nikamkuta akipiga bawaba ya mlango.

"Mzee, zamu zimekuwaje?"

Alipiga msumari mara mbili tatu kabla ya kujibu. "Zamu zimekwisha, mwanangu. Mchungaji ametuambia mtu ameshashuhudia. Tukiendelea kumlinda, ni sawa na kusema Mungu hakumaliza kazi yake."

"Na wewe unaonaje?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akaniuliza kama nina mashaka na alichotenda Bwana." Breki akaweka nyundo chini. "Mbele ya baraza zima. Mimi mzee wa kanisa. Ningejibu nini?"

Nilitaka kumpa maneno yake, na niliyokuwa nayo hayakuwa machache. Lakini alionekana mnyonge kuliko mimi, nikarudi kwenye nguo zangu.

Ushuhuda ule ulipenda kusafiri. Kanisa la mtaa wa pili lilimwomba, kisha la mji wa jirani, wakamtumia gari. Kila akirudi, siku ya ushindi ilikuwa imeongezeka kidogo. Mara mvua ilikuwa ikinyesha siku ile, mara polisi walimsindikiza. Baada ya ibada vijana walimfuata nje kumshika mkono, na mmoja, nilimsikia kwa masikio haya, alimuuliza, "Kaka, lakini zile timu ulizichaguaje?" Naye akamweleza. Alimweleza kwa utaratibu na kwa furaha, kama fundi anayemfundisha mwanagenzi.

Mtu fulani alirekodi, video ikazunguka, ikamfikia wifi yangu huko kwa wazazi wake. Akarudi. Alishuka na mtoto, na begi lilelile aliloondoka nalo, akasimama mlangoni kwangu akilia.

"Wifi, nimemwona mwenyewe akisema mbele ya watu wote. Mtu hawezi kusema uongo mbele ya watu wote vile, si ndiyo?"

Nikamkumbatia. Ningefanya nini? Mtoto alikuwa amekua, amepata jino la mbele, na Baridi alimrusha juu mpaka nikapiga kelele. Jioni ile nyumba yangu ilikuwa nyumba. Lakini nilipokuwa nakunja mashuka, nilijua kwamba sasa mdogo wangu amefungiwa pande zote. Akianguka, hana pa kuangukia.

Mlango wa nyuma ndio ulionipa habari. Siku moja niliukuta umefungwa. "Vumbi la kazi linaingia kwenye nguo zako, dada," alisema kwa sauti ya upole mno, na mimi ni nani nikatae nguo zisiingie vumbi? Baada ya hapo ukawa unafungwa kila jioni. Nilikuwa napiga pasi nikisikiliza upande wa pili, na sikusikia skrubu wala nyundo. Kisha akaja mteja, mwenye duka la vinywaji, kuulizia friji yake. Baridi alikuwa ametoka. Nikamfungulia mwenyewe, tukaizungusha ile friji, na nyuma pale penye kompresa palikuwa na tundu tu, na mabomba mawili ya shaba yamekatwa.

Yule bwana akasema mengi, nami nikayameza yote. Aliporudi Baridi, wifi akiwa amempeleka mtoto kliniki, nilifunga mlango wa mbele na wa nyuma.

"Sema."

Hakujitetea. Alikaa juu ya friji aliyokuwa akikaa Breki, akalia mpaka kamasi zikamtoka, mtu mzima na ndevu zake.

"Ni tangu ile safari ya kwanza, dada. Nikishaisimulia siku ile, mwili wote unaitaka. Nikitoka madhabahuni miguu haigusi chini. Nikawa namsubiri mzee aje jioni. Haji. Nami siwezi kumwita."

"Kwa nini usimwite?"

"Nimwite nimwambie nini? Nimeshashuhudia. Na huyu amerudi kwa sababu ya video ile." Alionyesha begi la mke wake ukutani. "Niambie wewe. Nianzie kwa nani?"

Nikamwambia aanze na mchungaji. Akasema hawezi. Basi nikaenda mimi.

Ofisi ya mchungaji ni chumba kidogo cha mbao nyuma ya ghala. Ukutani alikuwa amebandika tangazo la mkutano mkubwa wa uwanja wa shule, wa makanisa yote ya eneo letu, na katikati ya tangazo kulikuwa na picha ya mdogo wangu akicheka. Nilimweleza bila kuzunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiipangusa meza kwa kiganja, meza isiyo na uchafu.

"Adui hushambulia palipo na ushuhuda, dada. Usikiri kushindwa kwa niaba yake."

"Mchungaji, ameuza kompresa ya mtu."

Nakiri aliumia, uso ulimwanguka. "Baada ya mkutano nitakaa naye mwenyewe. Naahidi."

"Kaa naye leo. Rudisha zamu leo, umtoe kwenye tangazo."

"Watu wanatoka mbali, dada yangu. Wanakuja na watoto wao, wanakuja na waume zao wamewakamata mikono. Nikimtoa, niwaambie nini? Kwamba haiwezekani?"

"Waambie inachukua muda."

"Watu hawaji mkutanoni kwa ajili ya muda," alisema, na hakusema kwa dharau. Alisema kwa huzuni, akijua anachosema. Tukaombeana tukaachana.

Nilirudi pia kwa Breki. Sikumlaumu safari hii, nilimwomba tu. Aliahidi kuja kimyakimya, na kweli jioni ile alikuja, amevaa shati lilelile la mfuko wenye kifungo. Wifi ndiye aliyemfungulia. Uso wake ukabadilika palepale, maana alishasikia zamani mzee huyu alikuwa akija kufanya nini.

"Mzee, karibu. Kuna tatizo?"

Breki alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama mtoto aliyeng'ang'ania gauni la mama yake.

"Hakuna, mwanangu. Nilikuwa napita."

Akapita. Nilimsindikiza kwa macho mpaka akakata kona, nisimwite.

Siku ya mkutano nilimpigia Baridi pasi koti la kuazima, kila mkunjo ukakaa mahali pake. Alisimama mbele yangu nikimfunga vifungo kama zamani alipokuwa akienda shule.

"Dada, leo nitasema."

"Utasema nini?"

"Kwamba bado. Nitasema bado, na watu waje jioni. Mbele ya wote. Wifi yako naye atasikia papo hapo, basi."

Nilitaka kumwambia vizuri, jikaze, Mungu akusimamie. Nikampiga bega tu.

Uwanja wa shule ulikuwa umefurika. Kwaya tulikuwa jukwaani, nyuma yake, nami niliona mgongo wa lile koti na bahari ya vichwa mbele yake. Alianza. Sauti ilikuwa tofauti na siku zote, ndogo, ya kwake mwenyewe, nikajua leo ni leo. Akasema zana alizouza. Akasema kompresa, na hapo akasita. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka katikati, "Tuambie ulivyoshinda!" Watu wakacheka, wakapiga makofi kumtia moyo. Nikauona mgongo wake ukinyooka. Mabega yakapanda. Akaianza siku ya ushindi, na uwanja mzima ukawa kimya, na kutoka hapo hakikuwa tena kitu alichoweza kukisimamisha. Mvua ilinyesha, polisi walimsindikiza, akaokoka, amina.

Mchungaji akapokea kipaza sauti na kuwaita wote waliofungwa na kamari, waje mbele waombewe. Walikuja. Sikujua ni wengi kiasi hicho. Walikuja wanaume wa heshima zao na tai zao, akina mama, mwalimu ninayemfulia nguo. Walipiga magoti kwenye majani mbele ya jukwaa, safu baada ya safu. Mama Kwaya akatuashiria, tukaanza kuimba polepole.

Hapo Baridi akashuka ngazi. Alivua lile koti, akaliacha kwenye ngazi ya mwisho, akaenda kwenye safu ya mbele, akapiga magoti kati ya watu wawili na kuinamisha kichwa. Alikuwa amekuja kuombewa. Alikuwa ameshindwa kulisema, basi amelifanya, na mimi nilimwelewa kama vile ameniita kwa jina.

Mchungaji alimwona. Alisimama kidogo, na kwa kitambo kile niliamini atasema. Aliyajua yote, nilimweleza kwa kinywa changu. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mnaona?" akasema, na sauti yake ilikuwa inakatika. "Mnamwona ndugu yetu? Ameshuka kwenda kuwaombea wenzake!"

Uwanja ukalipuka. Kijana aliyepiga magoti kulia kwa Baridi alinyanyua uso, akamtambua, akaushika mkono wake na kuuweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Wa kushoto naye akafanya vilevile. Wifi yangu, mbele kabisa kwenye viti vya wageni, alikuwa amembeba mtoto begani amwone baba yake.

Nikaacha kuimba. Nilitoka kwenye safu ya kwaya, nikashuka ngazi mbele ya watu wote, nikapiga magoti ubavuni mwa mdogo wangu. Mikono yake ilikuwa juu ya vichwa vya watu na machozi yakimchuruzika mpaka kwenye kola.

"Waambie," nilimnong'oneza. "Au niwaambie mimi?"

"Nimeshawaambia, dada," alisema. "Hivi ndivyo nilivyowaambia."

Nikainuka nikapaza sauti, "Na yeye anaombewa! Na yeye!" Waliokuwa karibu waliitikia amina. Mhudumu mmoja wa kike, akidhani nimezidiwa na Roho, alinishika kiuno kwa upole ili nisianguke. Wahudumu wengine walikuwa wameshaona watu wanavyomsonga Baridi, wakafanya walichozoea kufanya: wakawanyanyua, wakawapanga foleni mbele yake, mmojammoja, na foleni ikarudi nyuma mpaka sikuona mwisho wake. Katikati yake nilimwona Breki, kofia mkononi. Hakuwa kwenye foleni. Alikuwa amesimama tu pembeni yake, na macho yetu yalipokutana alitikisa kichwa.

Wa kwanza alikuwa mwanamke wa umri wangu, amemshika mwanawe kiwiko, kijana mwenye ndevu chache na macho niliyoyajua.

"Baba," alimwambia mdogo wangu, "mfanyie huyu kama ulivyofanyiwa wewe."

Baridi akanigeukia. Basi nikamjibu mimi.

"Mama, mchukulie simu. Mtafute mtu akae naye jioni. Kila jioni, mama, usiache hata akipona. Usiache."

Yule mama alinitazama, kisha akautazama mkono wa mhudumu ulionishika kiuno.

"Sikukuuliza wewe, dada yangu," alisema kwa upole, akamsogeza mwanawe mbele ya mdogo wangu, na kufumba macho.